Reli ya Bububu Haiingii Chumbani

Katika klabu hii tupo wachache tunaojenga reli za mfano. Tunakata kadibodi, tunabandika mataruma yasiyozidi unene wa njiti ya kiberiti, tunaunga nyaya, kisha tunangoja kichwa cha treni chenye urefu wa kidole kizunguke meza bila kuanguka. Kwa sababu hiyo tunapigwa maneno kutoka pande mbili. Wapo wanaotwambia tuache, kwani mwanafunzi ana mitihani, ana wazee wa kuwatazama na ana maisha ya kutafuta. Wapo na wengine, tena wenzetu wa meza moja, wanaosema kazi ya mikono ikishakushika usiulizwe saa wala tarehe.

Hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Tunaona kwamba reli ya mfano na majukumu vinaweza kukaa nyumba moja, kwa sharti kwamba mjenzi aamue mapema ni nini hatakijenga. Sharti hilo hatukulitoa kwenye kitabu cha nasaha. Tulilipata kwa rula na kikokotoo.

Treni katika nchi isiyo na treni

Msomaji anaweza kuuliza treni zimetokea wapi katika nchi ambayo mpaka leo haina treni ya abiria. Reli ya Hafeet, ya kilomita 238 kati ya Sohar na Abu Dhabi, bado iko mikononi mwa mafundi. Kwetu sisi treni zilikuja kwa njia ya masikio. Nyumba nyingi za Waswahili hapa Maskati zina bibi au babu aliyezaliwa Unguja au Pemba, na mara nyingi mzee huyo ana hadithi ya gari la moshi aliyoipokea kwa wazazi wake.

Hadithi hiyo ina mizizi ya kweli. Mwaka 1879 Seyyid Barghash bin Said alijengewa reli nyembamba, ya upana wa futi 2, kutoka jumba lake la mjini hadi Chukwani, mwendo wa kama maili 7. Mwanzoni mabehewa yake yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sultani aliagiza kichwa cha treni cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli ile iling'olewa. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ikajenga reli nyingine, kutoka mjini hadi Bububu, nayo pia ya kama maili 7. Hii ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu. Ilibeba abiria mpaka miaka ya 1920.

Ndiyo maana meza yetu haina milima yenye theluji kama zile za kwenye makasha ya dukani. Ina minazi ya waya, ina kuta zinazofanana na mawe na chokaa, na ina kipande cha njia karibu na Ngome Kongwe.

Hesabu ya mita 130

Kipimo tunachotumia ni cha 1 kwa 87, ambacho kimeenea sana duniani kwa reli za mfano. Kila mita 87 za Unguja zinakuwa mita 1 mezani. Maili 7 ni kilomita 11 na ushei. Ukizigawa kwa 87 unapata kama mita 130. Sasa chukua chumba cha mita 4 kwa 4. Ukikizungushia reli kuta zote, na mlango ukauziba, unapata mita 16. Ungehitaji kuzunguka chumba mara nane, na Bububu yenyewe bado hujaiona. Anayeipenda TAZARA ana balaa kubwa zaidi: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zinakuwa zaidi ya kilomita 21 za reli ya mfano. Hizo utazipita kwa gari, hutazitandaza chumbani.

Kwa hiyo hata reli fupi kama ya Bububu haiingii chumbani. Kila mjenzi anakutana na ukweli huu, awe na meza au awe na ghala. Pale Hamburg, Miniatur Wunderland iliyofunguliwa mwaka 2001 imejaza sakafu za ghala la bandarini, na bado Ujerumani haikuingia yote. Ufundi wa kazi hii unaanza na kuacha. Unachagua stesheni moja, daraja moja, kona moja yenye mwembe. Vilivyobaki unavitia nyuma ya ubao uliopakwa rangi ya mbingu. Treni inapotea huko kisha inarudi, na anayetazama anajijazia mwenyewe kwamba imefika mbali.

Sisi tuna mita 2 za meza, yaani kama mita 174 za Unguja. Mita 128 zilizobaki tumeziacha, na hakuna aliyekuja kutudai. Hapo ndipo tunaposema hobi hii ina la kumfundisha mwanafunzi, kabla hata treni haijatembea. Mtu huyu anayejua kuacha mezani, akitoka hapo mara nyingi anataka kuyajenga maisha yake yote kwa ukubwa kamili: alama za juu katika kila somo, kila harusi aonekane, kila kamati awemo, na reli imalizike kabla ya Eid. Kisha anashangaa kwa nini vitu vinaanguka. Havikuanguka kwa uvivu. Chumba kilikuwa cha mita 16 naye alileta mita 130.

"Ukimaliza chuo utajenga"

Nasaha tunayoisikia zaidi kwa wakubwa wetu ni ya kungoja. Maliza chuo, pata kazi, oa au olewa, watoto wakue, ndipo ujenge treni zako. Tunaipokea kwa heshima, maana tunajua inatoka wapi. Wengi wa wazee wetu walifika hapa baada ya 1964, na wengine baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi. Walianza upya. Walijifunza Kiarabu cha ofisini wakiwa watu wazima, wakajenga nyumba, wakatusomesha. Hawakuwa na jioni ya kukalia kadibodi, na tusingethubutu kuwaambia kwamba walikosea.

Lakini nasaha hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza inajulikana na kila aliyekwisha kuajiriwa: nafasi inayongojwa haifiki. Baada ya mtihani kuna mafunzo ya kazi, baada ya mafunzo kuna kazi, baada ya kazi kuna mkopo wa nyumba. Anayesubiri maisha yatulie ndipo aanze, anasubiri bahari ikauke ndipo avuke.

Kasoro ya pili ni ya vumbi. Kichwa cha treni ya mfano kwa kawaida hupata umeme kwenye reli zenyewe. Mkondo unapanda kwenye magurudumu mpaka kwenye mota. Vumbi likikaa juu ya reli umeme unakatika, na treni inasita kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Maskati ina vumbi, tena ina joto. Meza iliyoachwa kiangazi kizima katika chumba cha juu kisicho na kiyoyozi, gundi yake inalegea, kadibodi inajipinda, na reli zinatanuka mpaka zinabinuka kama hukuziachia mwanya mdogo kwenye maungio. Reli ya mfano haivumilii kuachwa miaka kumi. Inataka mtu apite na kitambaa, afute, aendeshe raundi mbili tatu, abandike dirisha moja, aondoke.

Kwa maneno mengine, kazi hii yenyewe inapenda kidogo kidogo. Nusu saa ya kila Jumamosi inaifaa kuliko siku tatu za likizo za kukesha. Gundi haikauki haraka kwa sababu wewe una haraka. Ukishabandika ukuta, kazi ya siku hiyo imekwisha hata kama unayo saa nzima. Ni hobi yenye breki. Tuilinganishe na simu, ambayo haina gundi ya kusubiri wala mwisho wa njia, nayo hakuna anayemwambia mwanafunzi aiahirishe mpaka aoe.

Mwimbaji Rod Stewart wa Uingereza alijenga mji mzima wa mfano wenye reli, kazi iliyomchukua zaidi ya miaka 20, na mwaka 2019 ndipo alipouonyesha kwa jarida la wapenzi wa reli za mfano. Akiwa safarini kuimba alikuwa akiomba chumba cha ziada hotelini kwa ajili ya vifaa vyake. Bila shaka tajiri ana nafasi tusiyokuwa nayo sisi. Hakuna hoteli itakayotupa chumba cha pili, na yeye hana bibi wa kumpeleka kliniki kila Jumapili asubuhi. Ila kipimo alichotumia ndicho hicho hicho: jengo moja leo, jengo moja kesho.

Ufunguo wa saa 40

Sasa tugeuke kwa wenzetu wa meza moja, wanaosema anayependa kitu asiwekewe mipaka. Mfano wao mkubwa ni klabu ya reli ya mfano ya chuo cha MIT kule Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946. Mwanachama aliyetimiza saa 40 za kazi alipewa ufunguo wa chumba. Wapo waliopenda kupaka rangi na kujenga mandhari, na wapo waliolala chini ya meza, kwenye nyaya na swichi za simu zilizoongoza treni. Hawa wa chini ya meza ndio waliokuja kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuzikesha kompyuta za chuo hicho, na historia ya kompyuta inawataja mpaka leo. Wenzetu wanasema: mnaona? Wangewekewa mipaka tusingekuwa na haya yote.

Tunaikubali hadithi, lakini tunaomba isomwe yote. Mmoja wa wanachama wa klabu ile alikuwa Richard Greenblatt, aliyeingia MIT mwaka 1962. Alianza vizuri darasani. Kisha kompyuta ilimchukua kiasi kwamba alifeli na akatoka chuoni. Baadaye alirudi kama mwajiriwa wa maabara, akaandika programu mashuhuri ya sataranji, na jina lake likabaki. Mwisho ulikuwa mwema kwa sababu kipaji kilikuwapo na mlango wa pili ulikuwapo. Hadithi za waliofeli bila ya mlango wa pili hazikuandikwa, kwa sababu hakuna anayeandika kitabu juu ya mtu aliyerudi nyumbani kimya kimya.

Kwa wengi wetu mlango wa pili ni mwembamba. Mwanafunzi wa hapa anaposoma, nyuma yake wapo watu: serikali inayomlipia, au mjomba anayechangia, au dada mkubwa aliyeacha kuendelea na masomo ili mdogo wake aendelee. Kufeli kwake hakubaki kwake. Ndiyo maana tunashikilia kanuni moja isiyo na mjadala: wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho, waya unachomolewa na meza inafunikwa shuka. Mwenye hamu ya kubandika dirisha atalikuta pale pale.

Njia moja, fimbo moja

Wapo wanaosema dawa ya mambo mengi ni kuyafanya kwa pamoja: kusikiliza mhadhara uliorekodiwa huku unabandika mataruma, kumsikiliza babu huku unachuja mchanga wa njia. Sisi tunasema reli zenyewe zinakataa.

Sehemu kubwa ya reli za Afrika Mashariki zilijengwa kuwa za njia moja. TAZARA ni ya njia moja. Treni inayokwenda na treni inayokuja zinatumia reli ile ile, na haziwezi kupishana ila stesheni, mahali penye njia ya pembeni. Katika mfumo wa zamani uliotumika katika reli nyingi za namna hiyo, kila kipande cha njia kilikuwa na fimbo yake, au kitu kingine cha chuma kilichofanya kazi ya fimbo. Dereva hakuruhusiwa kuingia katika kipande kile mpaka akabidhiwe fimbo mkononi. Fimbo ni moja, kwa hiyo treni ni moja. Mwenzake, hata awe amebeba nani, anasubiri pembeni mpaka fimbo ifike.

Tumejaribu kuyapanga maisha yetu kwa namna hiyo, na tunaipendekeza. Ijumaa mchana fimbo ni ya nyumba. Chakula kinaliwa pamoja, wageni wanapokewa, na hakuna anayechungulia kama rangi imekauka. Jumapili hadi Alhamisi fimbo ni ya darasa. Jumamosi baada ya Alasiri, fimbo inakuja kwenye meza ya treni mpaka Magharibi. Muda ule ni mfupi, lakini ni wetu kweli kweli, na nyumbani wanajua. Wengi wetu ndio madereva wa familia: tunampeleka mama sokoni Mutrah, tunampeleka shangazi uwanja wa ndege, tunawarudisha wadogo skuli. Kazi hizo haziishi. Mtu akijua kwamba Jumamosi jioni ipo, anaendesha gari moyo mweupe. Mtu asiye na saa yake hata moja anaendesha huku ananuna, na mama anamwona.

Dharura ikitokea fimbo inatoka. Mgonjwa hangoji rangi. Lakini dharura iwe dharura. Si kila anayepiga simu kutaka kupelekwa kununua chaja ana haki ya kusimamisha treni.

Meza ya dada

Hapa tunataka kusema jambo ambalo halisemwi sana katika mikutano yetu. Tunapozungumza juu ya kugawana muda, tunajifanya kana kwamba kila mtu ana muda ule ule wa kugawa. Haiko hivyo. Kijana wa kiume akijifungia na treni zake, nyumbani husemwa: mwacheni, angalau hayuko barabarani. Msichana akifanya hivyo huitwa mara tatu kabla gundi haijashika: kuna wageni, kuna vyombo, mtoto analia. Meza ya kaka huachwa kama ilivyo. Meza ya dada hugeuka pahali pa kuwekea nguo zilizopigwa pasi.

Katika kundi letu wasichana ndio wenye mikono mizuri zaidi kwa kuta na milango. Ule mlango wa Kizanzibari wa sentimita 3, wenye nakshi iliyochorwa kwa sindano, ni kazi ya mwenzetu wa kike. Na ndio pia wanaoacha mapema zaidi. Wakiondoka hutuambia wamekosa nafasi, na sisi tunaitikia kana kwamba nafasi ni mvua, haina mwenyewe. Nafasi ina wenyewe. Kaka anayedai Jumamosi yake ya treni na asioshe sahani moja ya Ijumaa, ameijenga reli yake juu ya muda wa dada yake. Tunaona aibu ya jambo hili ingekuwa kubwa kama ingekuwa pesa.

Pendekezo letu ni jepesi. Kila mwenye saa yake ya hobi ndani ya nyumba amshikie mwenzake zamu saa kama hiyo. Kaka apokee wageni na apike chai ili dada abandike mlango. Hilo halihitaji semina.

Nyumba itie saini

Jambo la mwisho ni la nafasi na pesa, maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Walt Disney, kabla hajafungua bustani yake ya kwanza, alijenga nyuma ya nyumba yake reli ndogo ya mvuke ambayo mtu angeweza kuikalia na kuiendesha. Ilianza kutembea mwaka 1950. Kabla ya kuijenga, alimwomba mwanasheria wake aandike mkataba wa haki ya njia, na mke wake na binti zake wakautia saini. Na pale njia ilipofika kwenye maua ya mkewe, Disney alichimba handaki reli ipite chini, maua yabaki juu. Miaka michache baadaye, mtoto mmoja mgeni alipoumizwa na mvuke, aliifunga reli ile.

Mkataba ule ulikuwa nusu mzaha, lakini sisi tunauchukua kwa uzito. Aliomba njia kabla ya kutandika reli. Alizunguka alichokipenda mwenzake, akabeba yeye gharama ya kuzunguka. Na ilipodhuru, alisimamisha. Mwanafunzi anayeishi kwa wazazi hana ardhi yake. Kila sentimita ya meza ni ya watu. Basi aombe. Aseme meza itakuwa na ukubwa gani, itakaa wapi, na lini itaondolewa kwa ajili ya harusi. Meza yenye miguu ya kukunja ina amani kuliko meza kubwa ya kudumu.

Pesa nazo ni hivyo hivyo. Vifaa vingi tunaviagiza kutoka nje, na kichwa kimoja kizuri cha treni kinaweza kula posho ya mwezi mzima. Kanuni yetu ni kwamba kinachonunuliwa ni kile tu kisichoweza kutengenezwa: mota, magurudumu na reli. Nyumba, minazi, stesheni na mabehewa ya mizigo yanatoka kwenye makasha ya viatu na vijiti vya aiskrimu. Na hakuna kukopa kwa ajili ya treni, hata kwa rafiki, hata rial moja. Deni linamfanya mtu aione hobi yake kama mzigo mwingine uliokwishamlemea.

Reli ya Seyyid Barghash ilikuwa bora kuliko zetu zote, ya chuma na ya mvuke wa kweli. Lakini ilitoka kwenye jumba lake ikenda kwenye jumba lake, na alipoondoka yeye, iling'olewa. Hakukuwa na wengine ambao njia yao ilikuwa ile. Hobi ya mtu mmoja nyumbani ina hatari kama hiyo. Siku anapobanwa na mitihani au anapopata kazi Salalah, meza inahamishiwa stoo, na hakuna atakayeuliza. Lakini kama mdogo wake anajua kufuta reli, na kama babu ndiye aliyesema mnazi ule ukae upande wa pwani, meza ina wenyewe wengi.

Tunawaambia wenzetu wapya, basi, waanze na wazee. Wasiwaonyeshe treni kwanza. Wawaulize: kama tungekuwa na nafasi ya mita 2 tu za njia ya Bububu, zingekuwa zipi? Tumeona swali hili likimwamsha mzee aliyekuwa anasinzia. Hakuiona treni, lakini anaijua njia: ataanza kutaja nyumba moja moja, duka la nani lilikuwa upande gani, wapi palikuwa na kisima, wapi watoto walikuwa wakikatazwa kupita. Atayataja kwa Kiswahili, kwa sababu maneno ya mahali pale hakuyajua kwa lugha nyingine. Hiyo ni saa ya bibi na ni saa ya treni pia, na fimbo ni moja. Kwa hiyo nendeni na daftari, na simu mziache ndani ya gari.